Mdudu wa Kuulizwa Njia

Enzi zetu hakukuwa na simu ya kukuonyesha njia. Tulikuwa na mdudu. Wewe uliyekulia kwetu Nkubu miaka ya sabini unajua ninachosema: ukichimba viazi unapata ganda la kahawia, kiwavi amelala ndani, unalishika upande wa kichwa kwa vidole viwili, unaliuliza, "Nairobi ni wapi?" Nalo linazungusha mkia, linaonyesha. Hata likionyesha zizi la ng'ombe, tunaamini. Vijana wa leo bila simu wanapotea wakienda choo.

Mimi niliachia shule darasa la sita, na leo wenye digrii wananiita "mkubwa" kwenye yadi yangu ya mbao. Hata wakati huo sikupenda mambo madogo. Kwa ua wetu kulikuwa na gugu la kutoa maziwa meupe, chungu hata ng'ombe hawaligusi. Viwavi wa mistari walilila wakanona, na ndege waliwaangalia tu, kwa sababu ule uchungu ulikuwa umewaingia mwilini. Halafu kiwavi ananing'inia kichwa chini, anageuka ganda la kijani lenye vitone vya dhahabu kama hereni. Nikasema, huyu aliyevaa dhahabu lazima anajua mbali. Nikamuuliza, "Amerika ni wapi?"

Kimya.

Rafiki yangu Mutwiri alicheka hadi akakaa chini. "Umemuuliza mbali sana, wewe! Mdudu amechoka!"

Mama akaita kutoka jikoni, "Wacha mdudu avae nguo zake!"

Baada ya siku kadhaa alitoka kipepeo, rangi ya chungwa, kingo nyeusi zenye madoa meupe. Akakausha mabawa, akaenda bila kuaga.

Siku hizi nimechoka mimi. Nyumba yangu hapa Kaaga niliijenga kubwa, watu wanasimama barabarani kuitazama, na vyumba vimelala tupu. Msichana wangu Kendi, niliyemsomesha kwa mbao, alienda hiyo hiyo Amerika, akaolewa huko. Mjukuu namjua kwa simu tu. Juzi Kendi alinitumia picha, kisha akapiga.

"Baba, umeona kipepeo wako? Hata huku wako!"

Akanieleza hao ni ndugu za wale wetu. Baridi ikikaribia wanaruka safari ndefu kwenda kusini, kwenye joto.

"Na wanarudi?"

"Wanaanza kurudi, baba, lakini wanafia njiani. Wanaofika ni watoto wao, ama wajukuu."

Lile nililotaka kumuuliza, alikuwa amelijibu.

Kijana wa shamba alitaka kung'oa lile gugu la maziwa, limeota hata hapa uani kwangu. "Mzee, hii ni takataka." Nikamwambia aliache hapo hapo.

Zamani tuliuliza mdudu, akakosea, tukacheka. Sasa simu inanionyesha hadi mlango wa Kendi, haikosei, na hakuna anayecheka. Nimemwambia akiona lile ganda la kijani huko kwao, amfundishe mtoto kuuliza: "Nkubu ni wapi?"

Likinyamaza, asichoke.