Nilikataa Chanjo ya Homa ya Manjano Mbele ya Baba Mkwe

Admin, jina langu liache kapuni, maana Musoma ni mji mdogo na midomo ni mirefu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, nauza dagaa soko la Mwigobero. Nina mtoto mmoja tu wa kiume, mtu mzima sasa. Jumamosi hii tunamzika mume wangu kwao Butiama, mwili unaletwa kutoka India. Mume huyo sijamwona tangu nina miaka ishirini na mbili.

Niliolewa kwa ng'ombe, miaka ile ya ruksa, sabuni imerudi madukani na mitumba imejaa mnadani. Mwenzangu akapata nafasi ya kusoma India. Akatangulia, akaahidi kuniita, na tiketi ikaja kweli. Ikabaki chanjo ya homa ya manjano, maana bila kadi ya njano India hawakupokei. Walikuwa wanachoma hospitali, Musoma mjini. Mke wa mtu hasafiri peke yake, kwa hiyo baba mkwe akanisindikiza.

Kwetu baba mkwe ni mtu wa kuogopwa. Huli mbele yake, humwangalii usoni, na mambo ya mwili wako hayasikii kamwe. Sasa nesi ananiuliza kwa sauti, na mzee amekaa palepale kwenye benchi: "Mama, siku zako uliziona lini? Kama una mimba hii hatuchomagi."

Mimba nilikuwa nayo. Changa, mume kaniachia alipoondoka, sijamwambia mtu. Nikainamisha kichwa. Nesi akasema, "Jibu basi, wenzako wanangoja." Nikasema, "Sichomwi." Nilidhani nitarudi siku nyingine na shangazi, nimweleze nesi kike kike, tuone la kufanya. Kumbe pale ndipo nilipojizika.

Baba mkwe hakuniuliza neno njia nzima. Tulipofika Butiama akawaita ndugu zake, akatamka, "Huyu amekataa kumfuata mume." Nikamkimbilia mama mkwe, nikamwambia nina mimba ndiyo maana. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Mimba? Mbona hukusema palepale?"

"Mbele ya baba, mama?"

"Sasa unasema, baada ya kubanwa."

Mtoto akachelewa kuzaliwa, akapitisha miezi tisa tangu mume aondoke, nao wakapata la kusema. Eti nilikimbia safari kwa sababu nina bwana wangu Bunda. Bunda nilikuwa naendaga kuuza dagaa, basi! Nilimwandikia mume wangu kila kitu, hata aibu nikaiweka pembeni. Akajibu mstari mmoja: "Baba yangu hawezi kunidanganya." Baada ya hapo kimya. Nikasikia ameoa hukohuko. Nililia mpaka nikachoka, nikarudi kwenye dagaa, nikasomesha mtoto.

Baba mkwe na mama mkwe walishafariki. Yule nesi nilimtafuta miaka ya nyuma, nikaonyeshwa kaburi. Na sasa mume naye amekwenda na uongo wa baba yake kichwani. Hakuna aliyebaki wa kunisikia.

Juzi ukoo umekaa. Wamesema mimi nitakaa kama mjane, kwa sababu ng'ombe wa mahari walitolewa na hawajawahi kurudishwa. Ila mwanangu hataweka udongo kaburini wala hatanyolewa pamoja na watoto wa marehemu, kwa kuwa si damu yao. Najua mtaniambia DNA. Tumeomba, shemeji mkubwa akasema, "Maiti ya kaka yetu haichokonolewi kwa ajili ya mtoto wa dagaa." Watu wakacheka, Admin. Kwenye msiba.

Nikikaa ujane kwa masharti hayo nitakuwa nimekubali mwanangu ni wa nje. Nisipokaa watasema mnaona, alimkataa hai na amemkataa maiti. Nimewaza mpaka kichwa kinauma, sioni mlango.

Ningeweza kuyabeba yote hayo, nimeshazoea. Lakini leo asubuhi mwanangu amekuja mezani kwangu sokoni, amesimama anawaangalia dagaa, haniangalii mimi. Akasema, "Mama, mimi sitakasirika. Niambie tu ukweli, mimi ni wa nani?"

Nimemwambia ukweli. Akaitikia, "Sawa mama," kama mtu anayemkubalia mgonjwa, akaondoka.

Jamani, nishaurini. Jumamosi nikae au nisikae? Na mtoto huyu nifanye nini aniamini, na mashahidi wangu wote wako chini ya udongo?