Mashati Matano ya Marehemu

"Shoga, yale mashati ya marehemu bado unayo?"

Aliyeniuliza ni jirani yangu, Mpika Chumvi. Saa moja asubuhi, kichwa kimechungulia juu ya ua wangu, macho yamemtoka. Mume wangu alikuwa na miaka minne kaburini.

Nikajua leo kuna jambo. Mtu akiulizia mashati ya marehemu mapema hivyo, ama kaona mzimu, ama kakuletea mchumba.

"Ninayo. Kwani amekwambia anayataka?"

"Acha utani. Yafue, uyaanike mbele ya nyumba. Yote. Karani wa kuhesabu watu anakuja kesho kutwa."

Ndugu zangu, haya yalinitokea mimi mwenyewe, na sehemu yangu siifichi. Ni kisa cha kijiji cha watu hamsini na tisa kilichofikisha mia mbili na kumi na mmoja kwa siku moja, bila mtoto hata mmoja kuzaliwa.

Kijiji chetu kiko mwisho wa mchanga. Mbele bahari, nyuma mikoko. Njia ya gari ni ufukwe wenyewe: maji yakitoka unapita, yakijaa unasubiri. Ukimtoa Mpika Chumvi, jirani wa pili nikimwita sauti inamfikia imechoka.

Kuachwa tulishazoea. Shule ilihamishwa, wakasema watoto ni wachache. Lori la kununua nazi likaacha kuja, wakasema wauzaji ni wachache. Kila kilichotuacha kilitupa sababu hiyo hiyo.

Akabaki nesi. Chumba kimoja, kitanda kimoja, kabati la dawa, na mwanamke mkali mwenye mikono myepesi.

Kwangu mimi nesi huyo hakuwa jambo la kijiji, alikuwa jambo la nyumbani. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Ile ya kwanza, mtoto alitanguliza miguu. Mtoto hakuishi. Binti yangu yuko hai kwa sababu siku ile nilimwita nesi nikiwa mlangoni kwangu, naye akaitika.

Sasa mwenyekiti akanusa habari kwamba hesabu ya karani ndiyo itakayoamua mambo ya nesi. Akaita kikao.

"Tukionekana wachache, nesi anaondoka kama shule ilivyoondoka. Kila nyumba ijitahidi."

"Tujitahidi vipi? Tuzae kabla ya kesho kutwa?" Huyo alikuwa mzee tuliyemwita Kinanda, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

"Wewe Kinanda kaa kimya. Peke yako utakuwa watu wanne."

Na kweli akawa.

Nesi mwenyewe hakuwepo kikaoni. Alikuwa amefuata chanjo wilayani. Hakuna aliyeona haja ya kumsubiri. Sisi tulikuwa tunamwokoa, na anayeokolewa huulizwa nini?

Binti yangu alinikuta na sanduku wazi.

"Mama, mashati ya baba yaache humo."

"Nayapiga jua tu. Yameanza kunuka."

"Mama."

"Sitasema uongo, mwanangu. Kinywa hiki kinasali, sitakichafua."

Hivyo ndivyo nilivyojipanga na Mungu: kinywa kibaki safi, kamba ya nguo ifanye kazi chafu.

Karani akaja. Mtu mzima mpole, miwani puani, viatu kavishika mkononi.

Nyumba ya kwanza akamhesabu Kinanda akiwa na kofia. Ya tatu akamhesabu kichwa wazi. Ya sita akamkuta amejifunika shuka, mgonjwa hoi. Ya tisa akamkuta amepona. Watoto wa mwenyekiti walipita nyuma ya mikoko kutoka ua huu kwenda ule mbio mbio, hadi mmoja akatapika.

Kwa Mpika Chumvi, anakoishi yeye na paka, karani aliambiwa watu tisa wako kwenye majaruba ya chumvi. Akatajiwa na majina, moja baada ya jingine, bila kusitasita. Shoga yangu ana kipaji, nani abishe.

Alipofika kwangu aliitazama kamba. Mashati matano, upepo umeyajaza vifua.

"Mama, haya ni ya nyumba hii?"

"Ni ya nyumba hii."

"Na wanaume wenyewe?"

Nikatazama baharini. "Kama unavyoona, hawapo."

Akaandika saba. Mimi, binti yangu na mashati matano.

Nilimshukuru Mungu kwa kuniepusha na uongo. Nilishukuru kwa sauti kabisa. Binti yangu alikuwa dirishani, akanitazama, akafunga pazia.

Nesi aliporudi tulimpokea kama bibi harusi.

"Tumekuokoa," mwenyekiti akamwambia. "Tumefika mia mbili na kumi na mmoja."

Nesi akaweka kasha la chanjo chini, taratibu, kama mtu aliyebeba mayai.

"Mnajua kwa nini nililetwa hapa?"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa sababu mko wachache na mko mbali. Kijiji kisichofika watu mia mbili, kisicho na barabara, hupewa nesi mmoja akae nacho. Kikifika mia mbili kinatolewa. Kinangoja kujengewa kituo kikubwa chenye daktari."

"Si ndiyo vizuri?" akasema Mpika Chumvi.

"Vizuri sana, dada. Walio mbele yenu kwenye foleni wana mwaka wa kumi na moja wanangoja."

Kinanda akaihesabu miaka hiyo kwa vidole, vidole vikamwishia.

Wiki haikuisha, gari la wilaya likaja maji yalipotoka. Ndani yumo karani, na barua ya kumhamisha nesi. Tukajazana kwenye kile chumba kimoja, tukasomewa: hongereni kwa ukuaji wa kijiji. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumla alishaipeleka wilayani, lakini karatasi zenyewe za hesabu karani bado alikuwa nazo. Zilikuwa zinakabidhiwa wilayani jioni ile.

Nikasimama.

"Baba, yale mashati ni ya marehemu mume wangu. Yote matano. Wafute hao."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakunigombeza. Akanionyesha pa kuandika jina. Darasa la saba nilimaliza, nikaandika kwa mkono wangu.

"Wamebaki mia mbili na sita," akasema. "Wakipungua saba tu, nesi anabaki. Nani mwingine aliongeza? Aje aandike jina lake hapa, au aweke dole gumba."

Nikageuka. Mwenyekiti alikuwa anasoma dari. Kinanda, watu wanne yule, alikuwa anatafuta hata mmoja wa kumjibia.

Nikamtazama jirani yangu. Wake tisa peke yao walitosha na kubaki.

"Shoga," nikamwambia. "Unamwona mwanangu alivyo."

Mpika Chumvi akamtazama binti yangu, tumbo limemfika magotini. Akaitazama ile karatasi ya majina. Akajifunga kanga upya.

"Wangu wapo," akasema. "Wamesafiri tu."

Leo ninapoandika tumebaki thelathini na wanane, na kwenye karatasi bado ni mia mbili na sita. Kituo kikubwa kiko kwenye foleni. Nimejifunza hili, nanyi mkipenda lichukueni: kabla hamjaona haya kwa uchache wenu, muulizeni anayehesabu anahesabia nini. Na kwa sisi tunaosali: Mungu haangalii kinywa peke yake. Kamba ya nguo anaiona pia.

Siku ile karani alitazama saa, akasema maji yameanza kurudi. Nesi alikuwa ameshapanda gari.

Binti yangu akashika kiuno, akainuka. Ndipo nikaliona furushi miguuni pake. Nguo za mtoto, amezifunga kwa shati la bluu la baba yake, mikono ya shati ndiyo fundo.

"Mwanangu, ngoja nikusindikize."

Akaliinua furushi, akampita Mpika Chumvi, akanipita mimi, akatoka kwenda kupanda gari la nesi.