Kiwiko cha Chiriku

Wateja waliomchosha Fundi kuliko wote ni wanachama. Mtu wa kawaida ukimwambia anyooshe mikono, ananyoosha, unapitisha tepu kifuani, unaandika namba, mmemaliza. Mwanachama hawezi. Akifika mlangoni anasimama kwanza, anabana kiwiko cha kulia ubavuni kama mtu aliyeficha kuku kwapani, anainamisha kichwa na kunyamaza. Hiyo ndiyo salamu ya Chama cha Wapenzi wa Chiriku. Usipoiitikia, hakuachii mkono umpime.

"Karibu," Fundi alikuwa akijibu, pini zikiwa mdomoni. "Haya, mkono juu."

Chumba chake cha ushonaji kilitazamana na mlango wa nyuma wa ukumbi wa maigizo. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyochakaa pembeni, na kioo kirefu ambacho wateja wote walikisifu kwa kuwapunguza unene. Kwa miaka thelathini Fundi aliwashonea waigizaji wa ukumbi ule, na watu wa kawaida walimfuata kwa sababu hiyo hiyo. Sifa yake ilikuwa moja tu: mshono wake haufumuki. Wanafunzi wake walimwogopa. Ukipindisha tundu moja la sindano, anafumua mshono mzima, anakurudishia kitambaa bila kusema neno, na wewe unaanza upya huku machozi yakikulenga.

Chiriku alikuwa mwigizaji wa tamthilia za muziki. Jina hilo alipewa na watazamaji kwa sauti yake, na kwa sababu hakujua kufunga mdomo hata nje ya jukwaa. Miaka ishirini na mitatu iliyopita alishinda Tuzo ya Kinyago cha Shaba, tuzo kubwa kuliko zote katika kazi ile. Mwaka jana alifariki, na tangu hapo idadi ya watu waliomshuhudia akipokea tuzo imekuwa ikipanda kila mwezi. Ukumbi una viti mia tatu. Chama kina wanachama elfu moja na mia moja, na hakuna hata mmoja ambaye siku ile alibaki nyumbani. Wapo waliokuwepo wakiwa na umri wa miaka minne. Yupo mmoja aliyekuwepo akiwa mgonjwa wodini.

Wote wanakumbuka jambo moja. Jina la Chiriku lilipotajwa, alipanda jukwaani na gauni lake la satini ya kijani, akapokea kinyago kwa mkono wa kulia, akaanza kukiinua juu, kisha ghafla akashusha mkono, akahamishia kinyago kushoto na kubana kiwiko cha kulia ubavuni. Akainamisha kichwa. Akasema, "Asanteni, asanteni sana," kwa sauti iliyotetemeka, akatoka. Mwanamke ambaye ungemuuliza saa angekuimbia beti tatu, siku ya ushindi wake alisema maneno matatu.

Katibu wa Chama, mwalimu mstaafu wa jiografia, ameandika kijitabu cha kurasa arobaini juu ya kiwiko kile. Humo anaeleza kwamba mkono ulioshuka ni kukataa makuu, kichwa kilichoinama ni shukrani, na kiwiko kilichobanwa ni msanii kuulinda moyo wake usilewe sifa. Kwamba moyo uko upande wa kushoto ni jambo alilolijibu kwenye tanbihi ndefu.

Fundi alikisoma kijitabu chote akiwa amesimama, akakiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya kukatia. Yeye alijua kilichokuwa kwapani mwa Chiriku. Palikuwa na tundu.

Siku ile ya tuzo gauni lilikuwa limebaki mshono wa ubavu wa kulia. Fundi alikuwa ameupiga bandi, ile mishono mirefu ya muda ya uzi mweupe inayoshikilia kitambaa kabla ya kupita cherehani. Mishono ya bandi inavutwa kwa kidole ikatoka. Chiriku alikuja kuchukua nguo mapema, na akiwa anasubiri akaanza kuimba wimbo wa sehemu ya pili ya tamthilia yake, ule wa mwisho, akijiangalia kwenye kioo. Cherehani inapiga kelele. Fundi akaondoa mguu kwenye pedeli ili asikie vizuri. Wimbo ulipokwisha Fundi alikuwa akilia, Chiriku alikuwa amechelewa, gauni likavaliwa, wakatoka mbio. Fundi hakuurudia ule mshono. Alikumbuka akiwa nyuma ya pazia, kinyago kilipoanza kupanda juu, na akausikia ukifumuka kuanzia kwapa hadi kiunoni.

"Fundi wee!" Chiriku alimwambia aliporudi nyuma ya pazia, kinyago mkono mmoja na ubavu mkono mwingine. "Umeniachia mlango wazi mbele ya waziri!" Akacheka mpaka akakaa chini. Baadaye alimpa lile gauni: "Chukua tunda la mikono yako, usije ukaona watu wananizika nalo." Chiriku hakumwambia mtu. Na yule mama kwa kutunza siri hakujaliwa kabisa, kwa hiyo Fundi alijua ametunziwa kwa taabu kubwa.

Mwezi uliopita Mwenyekiti wa Chama alifika na habari. Mwenyekiti ni mwanamke mnene wa sauti na wa mwili, aliyekuwa meneja wa bima, na bado anazungumza kama mtu anayesubiri utie saini.

"Dada Fundi, tumepata kabati la kioo," alisema baada ya kubana kiwiko. "Tunalitaka gauni. Litakaa kwenye baraza ya ukumbi, kila anayeingia alione. Na kamati imekupitishia cheti."

"Cheti cha nini tena?"

"Cheti cha Mshono Usio na Dosari. Utapewa mbele ya watu wote, siku ya uzinduzi. Bibi mwenzangu, usikatae, kimeshachapwa."

Baada ya Mwenyekiti kuondoka, Fundi alishusha boksi kutoka juu ya kabati, akalitandaza gauni mezani. Satini ilikuwa bado inang'aa. Ubavu wa kulia ulikuwa wazi kama ulivyotoka jukwaani, na vipande vya uzi mweupe vikining'inia.

Binti yake, karani wa posta, alikuwa amekuja kumletea dawa ya presha. Aliangalia tundu, akamwangalia mama yake. Alisimuliwa kisa chote kwa mara ya kwanza, akacheka, kisha akaona mama yake hacheki.

"Mama, si dakika tano tu hizo? Pitisha cherehani, wape gauni lao, chukua cheti chako."

"Cheti cha mshono ambao sikuushona."

"Umeshona mingine elfu ngapi?"

"Hiyo hawakuitolea cheti. Wametolea huu."

"Sasa ukiwaambia, wateja watasemaje? Watu wanakuja hapa kwa sababu mshono wako haufumuki, mama. Utaharibu jina lako kwa mikono yako mwenyewe."

Fundi aliweka gauni chini ya sindano ya cherehani. Akakunja kitambaa, akashusha mguu wa chuma, akakaa hivyo muda mrefu, mguu wake mwenyewe ukiwa juu ya pedeli bila kukanyaga. Juzi tu alikuwa amemfumulia mwanafunzi shati zima kwa kola iliyopinda. Akainua mguu wa chuma, akalikunja gauni na tundu lake, akalirudisha kwenye boksi.

"Jina lenyewe ndilo hilo," alisema. "Kama ni la kweli litabaki. Kama si la kweli, nimelivaa la kuazima miaka ishirini na mitatu."

Kamati ilikutana Jumamosi asubuhi kwenye chumba cha mazoezi cha ukumbi, watu saba kwenye viti vya plastiki. Walipoliona boksi walisimama wote, wakabana viwiko. Fundi hakungoja wakae. Alilitoa gauni, akaliinua, akaingiza mkono kwenye ubavu wa kulia na kuutokeza upande wa pili, vidole vitano vikiwapungia.



"Hii ilifumuka siku ya tuzo," alisema. "Ndiyo maana alibana mkono. Nilisahau kupitisha cherehani. Kosa ni langu, na nimekuja kulisema kabla hamjanipa cheti. Salamu mnayosalimiana nayo ni mtu anayezuia nguo isimvuke."

Katibu alikuwa wa kwanza kujibu.

"Panya," alisema.

"Nini?"

"Hiyo ni kazi ya panya. Au nondo. Satini ya zamani."

"Mwalimu, panya gani anakula mshono peke yake, anaacha kitambaa? Tazama uzi huu mweupe. Hii ni bandi. Yeyote aliyewahi kushika sindano anaijua."

"Mimi nilikuwepo," alisema Mwenyekiti, na hapo wengine sita wakaitikia kwamba nao walikuwepo. "Nilikaa mstari wa tatu, upande wa kulia kabisa. Lingefumuka ningeona."

"Si ndiyo maana akabana? Usione!"

"Dada Fundi." Mwenyekiti alishusha sauti, akaifanya ile ya kumwambia mteja kwamba ajali yake haimo kwenye mkataba. "Tunaelewa. Umri umekwenda. Nguo umekaa nayo miaka yote hiyo juu ya kabati, imepata ajali, umeona aibu. Ungetuambia tu ukweli."

"Ndio ninaowaambia."

"Mtu anayeulinda moyo wake," alisema Katibu, "mbele ya taifa zima, wewe unakuja kutuambia habari za kwapa? Mimi nimeandika kurasa arobaini, mama! Arobaini!"

"Nimezisoma. Moyo umeuweka kulia."

Basi pakawaka. Mweka hazina alisema huko ni kumkosea heshima marehemu. Mwingine akasema lazima Fundi amekijaribu kivazi mwenyewe akakipasua, ona mabega yake. Mwingine akauliza kama Chiriku aliwahi kugombana na Fundi. Fundi alisimama katikati yao na gauni mkononi, akitazama mmoja mmoja, kama anavyotazama kitambaa akitafuta upande wa mbele. Alikuwa amejiandaa kwa siku nyingi kuhukumiwa kwa kosa lake. Hakujiandaa kunyang'anywa kosa lenyewe na kupewa jingine.

Walipiga kura. Ilikubaliwa kwa kura zote saba kwamba gauni liliharibika mikononi mwa mtunzaji, kwamba cheti kimefutwa, na kwamba mharibifu alirekebishe kabla ya uzinduzi.

"Nitalishona," alisema Fundi. "Hilo ni deni langu kwake, si kwenu."

Alilishona siku hiyo hiyo. Alivuta mabaki ya bandi kwa kidole, yakatoka bila ubishi. Akapitisha cherehani mara mbili, akamaliza kingo kwa mkono, akapiga pasi chini ya kitambaa kibichi. Ulikuwa mshono mnyoofu kama mstari wa rula. Alipokuwa anashona alikuwa akiimba chini kwa chini ule wimbo wa sehemu ya pili kwa sauti yake mbaya, na safari hii mguu haukuondoka kwenye pedeli.

Siku ya uzinduzi baraza ilijaa. Sanamu la kuvalishia ndani ya kabati la kioo lilikatwa mkono wa kulia na fundi seremala, likawekewa mwingine uliobana kiwiko. Mshono mpya ulikuwa chini ya mkono huo, pasipoonekana kabisa. Mwenyekiti alihutubia kwa nusu saa, akasimulia alivyokuwa mstari wa kwanza, katikati. Watu walilia. Mwanamume mmoja alisema anaikumbuka hata harufu ya manukato ya Chiriku, na mkewe akamkumbusha kwamba siku ile walikuwa bado hawajahamia mji huu, akaambiwa anyamaze.

Wateja wawili wa Fundi wa muda mrefu walipita mbele yake wakijifanya wanasoma ratiba ukutani. Yeye alipanga foleni kama wengine. Alipofika kwenye kabati, alivaa miwani, akasoma kibao cha shaba kilichogongwa chini ya kioo:

GAUNI LA CHIRIKU, LENYE KUBEBA ISHARA YA UNYENYEKEVU WAKE. LILIHARIBIKA UBAVUNI MIAKA YA KARIBUNI KWA UZEMBE WA FUNDI ALIYELITUNZA. LIMEKARABATIWA NA CHAMA.

Alikisoma mara mbili. Binti yake, aliyekuwa nyuma yake, alimshika mkono. "Mama, twende. Usiwajibu."

Katibu alikuwa amesimama kando ya kabati kulilinda dhidi ya vidole vya watu. Fundi alimgeukia.

"Mwalimu, hapo kwenye uzembe hujakosea hata herufi," alisema. "Umekosea tarehe tu."

Katibu alimtazama kwa huruma nyingi. Kisha, mbele ya foleni nzima, alibana kiwiko ubavuni, akainamisha kichwa na kumsamehe.