Sare Nyeupe za Eliakim

Eliakim alikuwa mtu wa kwaya kuliko alivyokuwa mtu wa kitu kingine chochote. Mchana alitengeneza lifti kwenye majengo ya ofisi kule Kista, jijini Stockholm, jioni alirudi kwake Alby kwa mkewe Godelieve, Mrundi asiyecheka hovyo, na binti yao Elvire wa miaka kumi na sita. Lakini ukimwuliza yeye ni nani, lifti hakuzitaja. Alikwambia yeye ni mwenyekiti wa kwaya ya Waswahili, na hapo hapo alivuta tumbo ndani kidogo.

Na kwaya, ndugu yangu, ni sare. Hilo Eliakim alitoka nalo Bukoba na hakuna baridi iliyoweza kulitoa kichwani mwake. Watu wanaoimba vizuri bila sare, kwake yeye, ni abiria tu waliokutana kituoni. Mwaka uliotangulia kwaya ilialikwa kuimba nje, kwenye soko la Krismasi la Sundbyberg, wakaenda na vitenge vyao vya njano vilivyofungwa lubega juu ya nguo za kanisani. Jamani, kwa baridi ile wimbo wa pili haukufika kwenye kiitikio. Sauti ya kwanza ilikimbilia duka la dawa, sauti ya pili ikajibanza kwenye hema la soseji, na Eliakim akabaki peke yake na besi yake inayotetemeka. Sasa ilikuwa Desemba 2010 na walikuwa wamealikwa tena, na aibu ile hakutaka kuiona mara ya pili.

Lakini lililokuwa moyoni mwake halikuwa soko wala Waswidi. Lilikuwa Elvire. Mtoto huyu hakuwahi hata siku moja kwenda kumsikiliza baba yake akiimba. Kazaliwa Stockholm, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, na kile kitenge cha njano alikiona adhabu. Baba akikivaa, Elvire alikwenda kukaa behewa jingine la treni, kama vile hawajuani. Eliakim alijifanya kulichekea jambo hilo, lakini lilimuuma, tena lilimuuma sana. Jioni moja alimeza kiburi akamwomba mtoto aje Sundbyberg, mara moja tu, asimsumbue tena. Elvire alifikiri kwanza, maana rafiki zake wa shule hupita pale pale sokoni.

"Nitakuja, pappa," alisema kwa Kiswidi. "Ila naomba msionekane sana."

Eliakim alilishika neno hilo kama mgonjwa anavyoshika amri ya daktari.

Alipouliza wapi atapata sare za kuzuia baridi, mwenzake wa kazini akamwelekeza duka moja la mjini, Södermalm, linalouza nguo ambazo jeshi halizihitaji tena. Akamwambia ni imara, ni rahisi, na zipo nyingi za aina moja. Nyingi za aina moja! Sasa hiyo si sare yenyewe? Jumamosi akamchukua Sixte, Mrundi wa sauti ya tatu, wakapanda treni kwenda mjini wakiwa na mifuko mitupu na matumaini makubwa.

Kazi ilikuwa mlangoni. Kwa watu hawa wawili nguo ya jeshi si nguo tu. Kule nyumbani raia havai nguo za jeshi, akikutwa nazo atajuta kuzaliwa. Eliakim ujanani alimwona kwa macho yake jirani aliyejinunulia kofia ya mabaka kwenye mitumba. Wanajeshi walimrusha kichura kutoka stendi mpaka sokoni, na alipofika wakamwambia arudi vile vile. Sixte naye, mabaka aliyoyaona kwao hayakuwa ya kuchekesha, na hayo tuyaache. Basi wakashuka ngazi kuingia dukani, na pale chini palisimama askari mwenye kofia ya chuma, kifua mbele. Eliakim akabana mikono ubavuni.

"Shikamoo, afande," akasema.

Afande hakuitikia, kwa sababu alikuwa sanamu la plastiki lenye karatasi ya bei shingoni. Eliakim alipogeuka kumcheka mwenzake, Sixte alikuwa ameshafika barabarani.

Ilibidi apande ngazi kumbembeleza. Sixte akakubali kurudi, lakini alitembea dukani humo mikono yake ikiwa mbele, ionekane, asije mtu akasema alificha kitu. Mwenye duka, mzee wa Kiswidi mwenye masharubu mazito, aliwauliza awasaidie nini. Eliakim akauliza kwa adabu kama raia anahitaji kibali chochote. Mzee akasema hahitaji kibali, anahitaji saizi. Akawaletea makoti ya kijani, mazito, ya sufu, mazuri kwelikweli. Eliakim aliyatazama tu. Aliiona picha ya kwaya ikifika Bukoba, na kaka zake wakiuliza ndugu yao amepindua serikali ya nani.

Ndipo macho yake yalipotua kwenye rafu ya nyuma. Kanzu za kitambaa kigumu, pana, zenye kofia za kufunika kichwa, na suruali zake, za kuvaliwa juu ya koti lolote ulilo nalo. Nyeupe pe! Haya sasa. Huko alikotoka Eliakim jeshi ni kijani na mabaka. Nyeupe ni ya daktari, ya bibi harusi na ya malaika.

"Hizi si za vita," alimnong'oneza Sixte. "Hizi zitakuwa za wapishi."

Mzee alieleza kwamba askari huzivaa kwenye theluji. Eliakim akatikisa kichwa kukubali, maana hata wapishi wa jeshi hupika kwenye theluji. Mzee akauliza wanakwenda kuzitumia wapi.

"Nje, kwenye theluji," alijibu Eliakim kwa fahari. "Na hatutaki kuonekana sana."

Mzee alimtazama kwa heshima mpya. Akamwambia basi amechagua sawasawa, duka zima halina nguo inayofaa zaidi kwa kazi hiyo. Eliakim alitoka pale amevimba kichwa, na Sixte akamuaga sanamu kwa mbali.

Nyumbani Godelieve aliikunjua moja, akaigeuza mbele na nyuma. "Baba Elvire, na vitenge je?" aliuliza. Akajibiwa vitenge vibaki, mtoto kasema wasionekane sana. Godelieve hakubishana. Siku ya kuimba alikikunja kitenge cha mumewe akakitia mkobani, akafunga zipu.

Theluji siku hiyo ilianguka tangu alfajiri. Sokoni walikuwa wameirundika yote nyuma ya mahali pa kuimbia, lundo refu kuliko mtu, na kwaya ikajipanga mbele yake, kofia zimevutwa mpaka kwenye nyusi, skafu nyeupe mpaka kidevuni. Mshereheshaji akawatangaza. Watu wakapiga makofi, kisha wakaanza kuangaza huku na huku kuwatafuta. Wimbo ukaanza, mtamu, wa sauti nne zilizokaa. Mbwa mmoja akalibwekea lundo. Baba mmoja akaegesha kigari cha mtoto juu ya mguu wa Sixte, na Sixte, kwa mazoea ya kutogombana na mtu, akaendelea kuimba. Watu wakadhani ni santuri inapigwa mahali, wakaanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea kwenye soseji.

Eliakim aliyaona yote. Akamwona na Elvire, amekuja kweli, yuko na rafiki zake wawili, mama yake kando. Macho ya mtoto yalipita juu yake kama yanavyopita juu ya ukuta, yakaenda zake. Alijua sasa kwamba amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Miaka yote ameomba siku hii, na imefika, na yeye hayupo.

Elvire lakini alikuwa na masikio. Besi ile ilimwamsha kila asubuhi kupitia ukuta wa bafu, angeitambua popote. Akamgeukia mama yake akamuuliza kitenge cha pappa kiko wapi. Godelieve akafungua mkoba. Mtoto akakichukua, akapita mbele za watu wote, akaifuata sauti. Kwanza alimshika Sixte, akamwomba radhi. Kisha akampata baba yake, akamfunga kitenge cha njano begani, akakaza fundo, akamkung'uta theluji usoni.

Watu wakarudi. Rafiki zake walikuwa wameduwaa, na Elvire aliwageukia akasema kwa sauti, kwa Kiswahili, ingawa hawakujua hata neno moja la lugha hiyo:

"Huyu ni baba yangu."

Ubeti wa tatu uliimbwa bila besi.