Skrini ya Shuka Mbili

Tangu nitolewe Gitega kuja kulala kwa bibi hapa Muyinga, nyumbani nilikuwa na kazi moja tu: kumchekesha. Shuleni kazi hiyohiyo hunipatia viboko, kwa bibi hunipatia maandazi. Yeye huniita mume wangu, nami humtishia talaka akizidi kuzeeka.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata mimi sikuligusa. Kaka yangu mkubwa alipanda gari Gitega asubuhi aje kutuona, na gari halikufika. Wanaume waliokwenda kutafuta walikuta vyuma vilivyoungua kando ya barabara, na waliokuwemo hawakutambulika. Nyumba nzima ilijua. Bibi alikataa. Shehe alikuja kuomba kaka asaliwe sala ya maiti asiyekuwepo, akapewa chai, akarudishwa. Alipokuja tena, bibi alimwambia, "Hata uso wake umenitoka. Nitamsaliaje mtu nisiyemkumbuka uso? Niacheni nimwone kwanza."

Uso huo ulikuwepo mahali pamoja: kwenye kaseti ya harusi ya dada yetu, ambayo mama aliituma kutoka Gitega kwa dereva wa lori la maharage. Tulimpeleka bibi kwa jirani mwenye televisheni. Macho yake yana mtoto wa jicho, yote mawili. Alisogea mpaka pua ikagusa kioo, akasema anaona maziwa yanachemka.

Nikawaza: kama picha ni ndogo, tuikuze. Nyuma ya soko kuna Mkongomani wa Kivu ya Kusini, aliyekimbia vita vya kwao akaja kuangukia vya kwetu Burundi. Ana chumba cha video na projekta kuukuu, ila alikuwa anaonyeshea ukutani, na ukuta wenyewe wa udongo una vinundu, kiasi kwamba kila mwigizaji alikuwa na majipu. Nilimwahidi skrini ya kweli, yenye fremu, ya kupigwa ukutani isitoke tena. Yeye angempa bibi chumba alasiri moja, kabla ya wateja wake, ambao nao lazima wawahi nyumbani kabla ya kuvrefe, saa ya jeshi ya kutotoka nje usiku.

"Peti," aliniambia, yaani mdogo kwa Kifaransa chake, "kama iko mubaya, nitakukunjia ndani yake."

Bibi alitoa shuka mbili nyeupe, fundi cherehani wa jirani akaziunga. Fremu nilipiga kwa mikaratusi mibichi, kwa sababu ndiyo miti iliyokuwa karibu na hakuna aliyetaka kwenda mbali kutafuta mingine. Kisha nikaleta ujuzi wa mtaani kwetu: kanzu ya Ijumaa tunaitia wanga wa muhogo isimame yenyewe kama askari. Nikapika uji wa muhogo, nikazilowesha shuka, nikazivuta zikiwa mbichi mpaka zikalia kama ngoma, nikapiga misumari. Nikajisifu mpaka bibi akaniambia ninyamaze.

Asubuhi fremu ilikuwa imejikunja kama mtu mwenye tumbo la kuhara. Wanga ulivuta huku, mti mbichi ukaenda kule, na pembe moja ilikuwa imeinuka juu ya nyingine kiasi cha kuku kupita chini yake, na alikuwa anapita kweli, akidonoa uji wangu. Mwaka ule watu walikuwa wanahesabia watoto vijiko vya ugali. Bibi alipapasa kitambaa, akasikia mikunjo, akaingia ndani akalala mchana, jambo asilolifanya kamwe.

Nilibomoa yote. Mwalimu wa madrasa alinipa mbao kavu za benchi lililovunjika, akisema benchi hilo nililivunja mimi kwa kucheza, sasa nikalivunje vizuri. Nilitia vipande vya pembetatu kwenye pembe. Safari hii kitambaa nilikivuta kikiwa kikavu, nikianza kupiga misumari katikati ya kila upande na kuelekea pembeni. Nyuma nikatandika buibui kuukuu la bibi ili mwanga usipenye. Ilikaa sawa. Mkongomani aliipiga kofi, akaguna, na kwake kuguna ni sifa.

Alasiri ile tuliziba madirisha kwa magunia. Picha ikajaa skrini nzima: dada, masinia ya pilau, akina mama wakipiga vigelegele. Kaka akatokea mlangoni, mrefu kuliko mimi nilivyomkumbuka, sahani mkononi.

"Yuko wapi?" bibi akauliza.

"Huyo hapo, bibi. Mbele yako."

"Naona ukungu tu."

Nilisogeza kiti chake. Bado. Nilitafuta la kuchekesha, nikaishia kusogeza kiti tena. Ndipo Mkongomani aliposimama.

"Picha iko munene sana," alisema polepole. "Mwangaza inamwangika kote, inakuwa maji."

Akabeba projekta na meza yake, akaisogeza mbele, akaisogeza tena. Picha ikapungua, ikapungua, mpaka ikabaki kama sinia moja katikati ya kitambaa changu chote kile, kali kama jua. Akarudisha kaseti bila kuombwa. Bibi alikaa pembeni ya mwanga, uso karibu na shuka. Kaka akatokea mlangoni, akageuka, akacheka na mtu tusiyemwona.

"Rudisha," bibi akasema. Akarudisha. Alipofika pale pale, bibi alishika goti langu, akalikaza.

"Ndiye," alisema. "Masikio ya babu yenu. Ndiye." Hakuliachia goti langu mpaka kaseti ikaanza kukoroma. "Basi. Nenda kwa shehe, mume wangu. Mwambie asaliwe."

Wateja walikuwa wameshaanza kugonga mlango. Niliwapita nikakimbia msikitini. Nilimkuta shehe anatawadha, mikono ya kanzu imekunjwa. Nilimwambia bibi ameomba sala ya maiti. Aliinua kichwa, maji yakimchuruzika ndevuni, akaniuliza ni nani aliyekufa, kama vile hakuwahi kuja kwetu.

Nilimwambia ni kaka yangu.