Mishale ya Jeep Baada ya Kilio

Tulipomaliza kilio cha mume wangu, ndugu zake walipaka kila kitu rangi. Hapa Karuba ndivyo tunavyofanya: nyumba inapakwa chokaa upya, wafiwa wanavaa nguo mpya, msiba uonekane umeondoka. Jeep yake nayo haikusazwa. Ni jeep kuukuu, karibu umri wangu, ambayo tulishushia jibini kutoka malishoni mpaka Sake. Waliifungua vipande, wakaipaka buluu nje na ndani, hata nyuma ya tablo, lile bati lenye vipimo mbele ya usukani. Walifanya kwa upendo, siwezi kuwalaumu. Nilikuwa nimechoka tu na kila kitu, hata na upendo.

Wiki ileile mishale ya vipimo ikaanza wazimu. Wa joto ulifika kwenye nyekundu kabla sijaona Mushaki, njiani kwenda Sake. Nikasimama, nikafungua kapo, kile kifuniko cha injini, nikangoja, nikaongeza maji ambayo radieta haikuyataka. Nyuma jibini zilitoka jasho. Nilipofika sokoni, wanunuzi walikuwa wamekwisha kujipatia kwa wengine. Safari iliyofuata ikawa vilevile.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa na dawa yake tayari.

"Shemeji, ile moteri ilisha kufa. Tuuzishe bipande-bipande, kila mutu apate yake, tumalize."

"Na mimi nitashusha fromaji na nini?"

"Mapikipiki iko."

Ziko, kweli. Lakini pikipiki inabeba jibini chache na nauli inakula faida yote, na watoto wangu wanasoma kwa jibini hizo. Bila jeep ningebaki mtu wa kumpigia shemeji magoti kila kukicha. Tulilijua hilo sote wawili. Akasema mnunuzi wa vipuri atakuja Jumamosi.

Ijumaa nilirudi kutoka kung'oa maharage, mgongo umekatika, nikaingia kwenye jeep badala ya kwenda kulala. Mume wangu alikuwa akiitengeneza huku anaongea peke yake, nami nilimsikiliza miaka yote kwa kuwa redio hatukuwa nayo. Niliwasha moteri, nikaiacha ingurume mpaka mshale ukagusa nyekundu. Nikashuka, nikaweka kiganja kwenye radieta. Vuguvugu, kama sufuria ya uji wa mtoto. Hakuna mvuke, hakuna harufu. Basi moteri haikuwa na homa yoyote, kipimo ndicho kilikuwa mgonjwa.

Kipimo cha mafuta nacho kilidai tangi limejaa. Nikatumbukiza mti mmoja wa kusimamishia maharage, ukatoka umelowa ncha tu. Vipimo viwili haviwezi kuharibika siku moja bila sababu moja. Nikawasha taa, na mishale yote miwili ikaruka pamoja. Hapo nikamsikia marehemu akinung'unika "masi, masi", yaani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi la gari. Nikafungua skrubu, nikavuta tablo. Waya ulikuwepo, mzima, umekazwa vizuri kabisa juu ya rangi ya buluu. Na rangi haipitishi umeme.

Nilicheka. Kisha nikachukua kisu cha jikoni nikaanza kukwangua, na chini ya buluu ikatokea kijani, ile aliyoipaka yeye kwa mkono wake tulipooana. Hapo nikalia, sikujizuia. Nikakwangua na hiyo mpaka chuma kikang'aa, nikakaza waya, nikawasha. Mishale ikashuka taratibu, kila mmoja mahali pake.

Jumamosi shemeji alinikuta nimekwisha kupakia jibini. Mnunuzi alikuwa nyuma yake. Nilimwonyesha shemeji mshale, nikamwambia aweke mkono kwenye radieta. Akaweka.

"Kumbe iko muzima," akasema. "Basi ni muzuri. Lete ufunguo, nitakuwa naendesha miye. Jeep ni ya ndugu yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana juu ya waya. Si juu ya ufunguo. Nyekundu ile ilinidanganya mimi peke yangu. Yeye, moteri iwe hai au ife, alikuwa anaitaka jeep. Nilikuwa nimechoka hata hasira haikuja. Nilipanda, nikafunga mlango.

"Shemeji, musogee. Jua iko naharibisha fromaji."

Hakusogea. Alisimama mbele ya kapo, mkono ameunyosha, akingoja ufunguo uliokuwa tayari unawasha moteri. Nikaachia breki. Mnunuzi wa vipuri ndiye aliyemvuta kando.

Nilishuka mpaka Mushaki, sikuangalia mshale hata mara moja. Nilikuwa nawaza jioni, kwa sababu nyumba ninayolala ni ya ndugu yake pia.