Wimbo Uliokuwa na Mwenyewe

Watu wananiuliza Kadzo mke wangu alikuwa mtu wa namna gani. Nawaambia alikuwa mtu wa kuuliza. Masika iliyopita alifariki, na nyumba imenyamaza.

Hakujua kusoma. Baba yake aliingia dini mapema, akawapeleka wavulana shule, wasichana wakabaki na majembe. Kwa hiyo Kadzo alikuwa na njia yake. Akisikia somo kanisani Jumapili, kesho yake analima muhogo huku analitafutia sauti. Likishapata sauti linakuwa wimbo, na likiwa wimbo halimtoki tena. Habari za Nuhu alizitia kwenye wimbo wa kupura mpunga. Za Yusufu na ndugu zake alizitia kwenye sengenya, ile ngoma ya kuchezesha mabega, na ukimsikia huwezi kukaa na mabega yako yametulia.

Sisi ni watu wa bara, Waduruma. Tulishuka Mwabungo, huku pwani, nikifuata kazi ya kukwea minazi. Kanisa letu hapa ni dogo, la makuti, majirani karibu wote ni Waislamu. Mwalimu wa kanisa aliitwa Kaingu, mtu wa Kaloleni, aliyesoma chuo cha dini. Alikuwa mtu mwema. Suruali yake ilikuwa na mstari hata wakati wa tope. Nyimbo zake zilikuwa zile za kitabuni, zilizotoka Ulaya, na wanawake waliokuja na mizigo ya makaa kutoka bara walikuwa wakisinzia mpaka ziishe.

Kadzo alipoanza kuimba nyimbo zake, hawakusinzia tena. Wakaanza kuja na wenzao.

Kisha Kadzo akaleta kayamba. Kayamba ni mabua yaliyofungwa pamoja, ndani mna mbegu. Ukilitikisa lasikika kama mvua inayokuja juu ya mashamba. Jioni ileile Mwalimu Kaingu akaja nyumbani. Hakutaka hata kukaa.

"Mama Rai," akasema, maana Rai ni mtoto wetu wa kwanza, "kayamba ni chombo cha kupungia pepo. Kila mtu anajua hivyo."

"Na arusini halipigwi, Mwalimu?"

"Linapigwa."

"Na siku ya bendera, kule Kwale? Si tulikuwa pamoja? Mbona mguu wako siku ile ulikataa kukaa?"

Mwalimu akacheka bila kutaka. "Mguu ni mguu. Kanisa ni kanisa."

"Haya. Na nyimbo za kitabu chako, huko kwao zilichezwa wapi kabla ya kuingia kanisani?"

"Hazikuchezwa. Ziliimbwa tu."

"Una hakika?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Nitauliza."

"Uniulizie. Nami nataka kujua."

Hakuwa akimkejeli. Alitaka kujua kweli, na Mwalimu alimwelewa hivyo. Wakakubaliana aendelee na kayamba lake mpaka padre atakapokuja kutoka Mombasa. Padre ndiye atakayesema.

Padre hakuja upesi, na kabla hajaja Kadzo akatunga wimbo mpya. Ulikuwa wa yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka mingi, waganga wakashindwa, akapita nyuma ya watu ili aguse vazi la Bwana. Sauti ya wimbo huo aliipata kisimani. Msichana mmoja alikuwa akiteka maji huku akiimba chini kwa chini. Kadzo akarudi nyumbani na ndoo kichwani na wimbo mdomoni, uso unang'aa. "Msikie huyu mama anavyopenya kwenye watu," akaniambia, akaniimbia. Nami niliona hakuna sauti nyingine ingeweza kufaa. Ilipanda kidogo, ikasita, ikapanda tena, kama mtu anayenyoosha mkono akiogopa.

Jumapili akauimba kanisani, kayamba mkononi, wanawake wakimwitikia:

*Mama yuaja, nyuma ya watu,*
*mkono huo, mkono waenda.*

Pale mbele alikaa mwanamke mmoja wa bara, Kahaso, muuza makaa, mpole, mgeni wa dini. Nilimwona mabega yake yakianza kucheza. Kwanza nikadhani ni furaha. Kisha kichwa kikaanguka mbele, kikaanguka nyuma, pumzi ikawa ya nguvu, na sauti nzito isiyo yake ikatoka, inataka marashi, inataka kanzu nyeupe. Akaanguka kati ya viti. Watoto wakalia, wanawake wengine wakakimbia nje, na wimbo ukakatika pale pale, mkono wa yule mama ukiwa njiani.

Waliomjua Kahaso wakasema mbele ya kanisa zima. Zamani alipougua, alipigiwa kayamba na mganga huko kwao, na pepo aliyempanda aliitwa Mwarabu. Kila pepo ana wimbo wake. Na wimbo ule wa kisimani ulikuwa wa Mwarabu.

Kadzo hakujua. Alizaliwa katika nyumba ya dini, hakuwahi kuruhusiwa hata kupita karibu na ngoma za pepo. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye ngoma hizo angeutambua wimbo ule kwa sauti yake ya kwanza. Nami nilizaliwa katika nyumba ya dini vilevile; sikuutambua.

Mwalimu Kaingu hakupiga kelele. Alilichukua kayamba, akalitoa nje, akaliegemeza ukutani. "Basi," akasema. "Mpaka padre aje, Mama Rai haimbi."

Habari ikafika nyumbani kabla yetu. Jirani yetu Alfani alikuwa barazani kwake, anatungoja na kofia yake ya kutarizi.

"Mwinga! Nasikia leo kanisani kwenu mmepunga pepo, tena pepo Mwarabu. Huyo ni wa kwetu huyo, mbona hamkutualika?"

"Nyamaza, Alfani," nikamwambia.

"Ningeleta marashi, wallahi!"

Alipoona uso wa Kadzo akaacha. Akamwita mkewe, atuletee kahawa.

Kesho yake Kadzo alilima bila sauti. Siku iliyofuata vilevile. Nilikuwa juu ya mnazi, namwona kule chini, jembe linapanda, linashuka, hakuna kitu kingine. Jioni nikamwambia, "Kaa basi usikilize nyimbo za Mwalimu kama wengine."

"Zinaingia zikitoka," akasema. "Wewe hujui. Nikiambiwa nisiimbe, mimi sina kitabu kingine." Kisha akakaa kidogo. "Mume wangu, nyimbo zote zina wenyewe?"

Sikujua. Nikamwambia yuko mtu anayejua, mzee Nzai, mpiga kayamba wa mganga. Nilidhani ataogopa. Akajifunga leso, tukaenda.

Nzai alikuwa uani kwake anakaza kamba za kayamba. Alipotuona aliweka mkono juu ya macho.

"Eh! Watu wa kanisa! Mmepotea njia?"

"Shikamoo, mzee. Hatukupotea. Nimekuja kuuliza." Kadzo akamwimbia kidogo tu, kwa pua, midomo imefungwa.

Nzai alicheka mpaka akakohoa. "Marahaba, mwanangu. Huo ni wa Mwarabu! Umemwita mtu kwa jina lake, amekuja, sasa mnamlaumu kwa kuja?"

"Sikujua ni wake. Uliimbwa kisimani."

"Watoto wa siku hizi huokota chochote."

"Zote zina wenyewe?"

"Zingekuwa zote, tungelima tukiimba nini? Za kulimia hazina mwenyewe. Za kubembelezea mtoto hazina. Sengenya haina."

"Na kayamba lenyewe?"

Alilitikisa. "Hili? Mabua na mbegu. Ukilipigia bibi arusi, ni la arusi."

Kadzo akafikiri. Kisha akauliza neno ambalo mimi nalifikiria mpaka leo. "Mzee, na wimbo wenye mwenyewe, hauwezi kupata mwenyewe mwingine?"

Nzai akaacha kucheka. Akaweka kayamba chini. "Hilo," akasema, "hajaniuliza mtu."

Padre akaja. Baada ya ibada wazee wakabaki kanisani, na Kadzo akasimamishwa mbele, leso yake ameishika kwa mikono miwili. Nilikaa nyuma karibu na mlango.

Mwalimu Kaingu alisema kwa haki. "Padre, mimi sikatai wimbo. Wanawake hawa wamejaa kwa sababu yake, nakiri. Lakini mwenzetu alianguka. Tunawatoa watu kwenye pepo kwa mlango huu, je, tuwarudishe kwa mlango uleule, tena tukipiga makofi?"

Padre akamgeukia Kadzo. "Mama, una la kusema?"

"Mwalimu anasema kweli," Kadzo akajibu. "Sikujua. Lakini, padre, nilitaka kuuliza. Zile za Ulaya, kabla ya kuingia kanisani—"

"Mama Rai!" Mwalimu akasema.

"Mwache," padre akasema, akajaribu kuficha meno. "Mimi nimefundishwa kuziimba, sikufundishwa zilitoka wapi. Sijui, mama."

Hapo tukasikia hodi. Alikuwa Kahaso, makaa yameacha weusi shingoni. Wenzake walimkataza kuja. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Nina swali," akasema.

"Ingia, mama, uulize."

"Yule mwanamke wa wimbo. Mliniacha mkono wake uko hewani. Nimelala nao, nimeamka nao. Ulifika?"

Kisha padre akafungua kitabu, akamsomea habari yote, polepole, kwa sauti nzuri. Kahaso alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ahsante, padre. Sasa Mama Rai naye aniambie, pale pale alipoachia."

Kadzo akatikisa kichwa. "Nikiuimba atakuja."

"Akija aje. Mtanishika."

Mwalimu Kaingu akasimama. "Padre, usikubali jambo hili."

Padre alifunga kitabu. "Mwalimu, mimi naogopa kama wewe," akasema. "Lakini mwenye mwili ni huyu mama, na ndiye anayetaka."

Mwalimu alifanya jambo moja ambalo nilimpendea. Alikwenda akasimama nyuma ya Kahaso, mikono tayari, na ile suruali yake yenye mstari.

Kadzo akaimba. Kayamba halikuwepo. Makofi hayakuwepo. Ni ile sauti tu, inapanda, inasita.

*Mkono huo, mkono waenda.*

Mabega ya Kahaso yakaanza. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Pumzi ikawa ileile ya siku ile, na Mwalimu akamshika mabega, lakini macho yake Kahaso hayakuondoka mdomoni mwa Kadzo. Kadzo hakukimbiza wimbo. Alikwenda nao kwa mwendo wake mpaka mkono ukafika, damu ikakauka, Bwana akageuka, akauliza ni nani aliyemgusa.

Ukaisha. Kahaso akavuta pumzi kama mtu aliyetoka ndani ya maji. Akajifuta uso kwa leso.

"Kumbe aligusa nguo tu?"

"Nguo tu," Kadzo akasema. "Tena pindo lake."

"Ala! Na watu wote wale wanamsukuma, alijuaje kwamba huyu mmoja kagusa?"

Hapo padre akacheka, akasema hilo nalo ni swali, na wakaanza kulizungumza, wanawake waliokuwa dirishani wakaingia, na Mwalimu Kaingu alikuwa bado amemshika Kahaso mabega, amesahau kumwachia.

Uamuzi wa padre ulikuwa hivi. Wimbo ule usiimbwe tena kanisani, kwa sababu mwingine huenda asiweze kukaa nao kama Kahaso. Kayamba liingie. Kadzo aimbe. Lakini kila sauti mpya iulizwe kwanza kama ina mwenyewe.

"Aulizwe nani?" Mwalimu akauliza.

"Nzai," Kadzo akasema.

Mwalimu akashika kichwa. "Mpiga kayamba wa mganga atupimie nyimbo za kanisa?"

"Wewe unazijua, Mwalimu?"

"Nizijue mimi!"

"Mimi sizijui. Padre anazijua?"

"Mimi ni mtu wa Taveta," padre akasema. "Msiniingize."

Ikawa hivyo. Kadzo akipata sauti anakwenda kwa Nzai, Nzai anafumba macho anasikiliza. "Huu wa mtu. Huu chukua." Mwalimu Kaingu hakulipenda jambo hilo, na mpaka leo halipendi, lakini Jumapili nimeona mguu wake chini ya meza.

Kahaso alibatizwa mwaka uliofuata. Mwalimu anasema pepo ameondoka. Kahaso mwenyewe anasema huja kwa nadra, kama mgeni mwenye haya, na hakai. Na wimbo ule uliokatazwa, Kadzo alimwimbia nyumbani kwetu kila alipouomba. Aliniambia anataka kuona kama utabadili mwenyewe. Alipougua bado hakuwa na jibu, na hakuona aibu kusema hivyo.

Siku chache zilizopita Kahaso alipiga hodi. Akatua mzigo wake, akakaa penye kivuli cha paa, akanipa pole tena. Kisha akasema amesikia sauti moja arusini Kinondo, nzuri sana, na wanawake wanataka kuitia maneno, lakini hawajui habari ipi.

"Umempelekea Nzai?" nikamwuliza.

"Nimetoka kwake. Amesema haina mwenyewe."

"Basi iimbe niisikie."

Akaiimba bila maneno. Inaanza juu, inateremka taratibu, halafu mwishoni inazunguka kidogo kabla ya kukaa. Nikamwomba arudie, akarudia. Tangu siku ile ninaitembeza kichwani nikiwa shambani. Jana nilidhani ni ya yule mtoto aliyetumia mali yote ya baba yake akarudi. Leo naona huenda ni ya kondoo aliyepotea. Kesho nitakwenda kumwuliza Mwalimu Kaingu, anisomee zote mbili.